Sura ya 4: Kahawa ya Senti 5

Mkono mmoja una glavu, wa pili hauna. Ule ulio wazi umeshika kikombe cheupe, na macho ya mwenyewe yameshuka humo humo kikombeni. Mbele yake kuna kisahani kitupu. Kofia ya njano iliyofifia imevutwa chini hadi karibu na nyusi. Koti la kijani lina manyoya shingoni na kwenye ncha za mikono. Meza ni ya duara, uso wake mweupe, na upande wetu kuna kiti kisicho na mtu. Kushoto, ukutani, kuna mtambo wa chuma wa kupashia chumba joto. Nyuma ya mwanamke ni dirisha kubwa, na kwenye kizingiti chake limewekwa bakuli la matunda mekundu na ya machungwa, kana kwamba limesahauliwa hapo na mchoraji mwingine mwenye furaha zaidi. Dirisha lenyewe ni jeusi tii. Huoni barabara, gari, nyota wala mpita njia. Unaona taa tu: safu mbili za taa za darini zilizoakisiwa kwenye kioo, zikienda zikififia mpaka gizani.

Nimeanza na vitu kwa makusudi. Picha ya mfalme au ya mtakatifu hutulazimisha kuuliza maswali, maana hatujawahi kuvaa taji. Picha ya mtu aliyekaa mgahawani hutuponza kwa sababu sote tumewahi kukaa mgahawani. Tunadhani tumeshaielewa, na tunarukia moyo wa mtu kabla hatujaangalia meza yake.

Picha hii inaitwa *Automat*. Aliichora Mmarekani Edward Hopper kwa rangi za mafuta, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Februari 1927, siku ya ufunguzi wa maonyesho yake kwenye Rehn Galleries, New York. Si kubwa: sentimita 71.4 kwa 91.4, kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kuibeba kwapani akavuka nayo barabara. Ilinunuliwa ndani ya miezi michache kwa dola 1,200, na tangu 1958 ni mali ya Des Moines Art Center, katika jimbo la Iowa. Kwamba ilizinduliwa Siku ya Wapendanao ni jambo ambalo waandishi hulipenda mno. Mimi nalipa uzito mdogo. Tarehe ya maonyesho hupangwa na mwenye nyumba ya sanaa, na Jumatatu ni Jumatatu.

Watazamaji wamemtungia mwanamke huyu hadithi nyingi. Ameachwa. Anamngoja mtu ambaye hatakuja. Kafukuzwa kazi leo. Ni mgeni mjini, hana pa kulala. Hadithi hizi zina jambo moja linalozifunga pamoja, nalo ni msiba. Gazeti la *Time* lilipotaka picha ya jalada la toleo la tarehe 28 Agosti 1995, ambalo habari yake kuu ilihusu msongo wa mawazo na sonona katika maisha ya kisasa, lilimchukua yeye. Mtu akishawekwa kwenye jalada la namna hiyo, si rahisi kumwokoa. Tangu hapo hata asiyejua jina la Hopper ameshaambiwa ahisi nini.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tunayo sababu ya ziada ya kumhurumia. Kwetu chakula ni jambo la watu. Anayefungua chakula mbele ya mtu asiyemjua humwambia karibu, na aliyekaribishwa hujibu asante, starehe, hata kama tumbo linamnguruma. Kwa mama ntilie benchi ni moja, na kopo la pilipili linapita mkono kwa mkono kati ya fundi, kondakta na karani ambao hawajawahi kuonana. Mtu aliyejitenga na kikombe chake, macho chini, huulizwa kama anaumwa. Kwa hiyo tunapoikabili picha hii tunaona kwanza kile kisichokuwepo: wenzake. Hisia hiyo ni ya kweli, na sikuombi uifute. Nakuomba uiweke kando kwa kurasa chache, tuulize mahali hapa palikuwa mahali gani.

Bila jina la picha tusingejua. Hakuna kitu ndani ya fremu kinachosema hapa ni automat, na hilo tutalirudia, kwa sababu ndilo ninaloliona kuwa ufunguo wa kazi nzima. Automat ulikuwa mgahawa usio na wahudumu wa mezani. Mashine za mwanzo zilitoka Ujerumani. Joseph Horn na Frank Hardart walifungua mgahawa wao wa kwanza wa aina hiyo Philadelphia mwaka 1902, na wa kwanza New York mwaka 1912, pale Times Square. Ukiingia ulikuta ukuta mzima wa vidirisha vya kioo, kila kimoja kikiwa na sahani yake nyuma: kipande cha pai, sandwichi, maharage ya kuokwa, makaroni na jibini. Ulitumbukiza sarafu ya nikeli ya senti 5, au kadhaa kulingana na bei, ukazungusha kitasa, na kidirisha kikafunguka. Kahawa ilitoka kwenye mdomo wa bomba lililofinyangwa mfano wa kichwa cha pomboo. Ilikuwa senti 5 kwa kikombe, na bei hiyo haikuguswa hadi mwaka 1950.

Aliyekuja na noti au sarafu kubwa alipita kwanza kwenye kibanda ambamo mwanamke alimrushia nikeli zake kwa kasi ya ajabu, akizihesabu kwa ncha za vidole bila kuzitazama. Nyuma ya ukuta wa vidirisha walikuwepo wafanyakazi wengine, wakijaza sahani kila moja ilipotolewa. Mteja hakuwaona. Usasa ule wote wa mashine ulisimama juu ya mikono ya watu waliofichwa, na sijui kwa nini wanaousifu mgahawa ule kwa ustaarabu wake huwa na haraka ya kuwapita hao.

Pombe haikuwepo. Tangu 1920 sheria ya Marekani ilipiga marufuku kuiuza nchini kote, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1933. Baa zilifungwa au zikaingia chini kwa chini, na kahawa ikapata wateja wapya. Bahashishi pia haikuwepo, maana hapakuwa na wa kumpa. Meza zilikuwa za kila mtu: ulikaa penye nafasi, pengine na mgeni ubavuni, na hakuna aliyekuja kukuuliza utaagiza nini kingine au utaondoka lini.

Kwa mwanamume hayo yalikuwa maelezo ya mgahawa wa bei poa. Kwa mwanamke yalikuwa na maana nyingine kabisa. Mwaka 1907, katika jiji hilo hilo la New York, Harriot Stanton Blatch, mpigania haki ya wanawake kupiga kura, alikwenda jioni na mwanamke mwenzake kula katika hoteli ya Hoffman House. Walikataliwa kuhudumiwa kwa kuwa hawakuwa na mwanamume. Blatch hakuwa mtu wa pembeni; mama yake ni Elizabeth Cady Stanton, mmoja wa waasisi wa harakati za wanawake nchini mwao. Alishtaki hoteli, na akashindwa. Desturi ilikuwa wazi kwa kila aliyeishi mjini: mwanamke aliyeingia peke yake kwenye mgahawa wa heshima usiku alikuwa ama amepotea, ama anatafuta wateja, na mlangoni kulikuwa na mtu aliyelipwa kuamua ni lipi kati ya hayo mawili.

Miaka 20 baadaye mwanamke wa Hopper amekaa. Hakuna aliyemuuliza yuko na nani. Ameingia, ametia sarafu, amechukua kikombe, ameketi. Wakati huo maofisi ya New York yalikuwa yamejaa makarani na wapiga chapa wanawake wenye mshahara wao mdogo na vyumba vyao vya kupanga, ambao walihitaji mahali pa kula wanapoweza kulipa bila kulipiwa. Automat ulikuwa miongoni mwa majibu ya haja hiyo. Nikilitazama lile koti, lile vazi la heshima la mtu aliyetoka nyumbani akijua ataonwa, naona mtu aliyenunua kwa senti 5 kitu ambacho Blatch hakukipata mahakamani.

Tuangalie saa pia. Karibu kila anayeandika juu ya picha hii husema ni usiku wa manane, na hoja yake ni lile dirisha jeusi. Hapa mkazi wa Ikweta anapaswa kuwa mwangalifu. Kwetu jua linatua karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza ni saa ya kurudi nyumbani. New York, mwezi wa Desemba, jua linatua saa kumi na nusu jioni. Karani anayetoka kazini saa kumi na moja anatoka gizani. Koti la manyoya, glavu na ule mtambo wa joto ukutani vinatuambia ni majira ya baridi. Basi dirisha jeusi linaweza kuwa la saa nane za usiku, na linaweza pia kuwa la saa moja jioni, mtu akipata kitu cha moto kabla ya kupanda treni. Picha haisemi. Tunaosema ni sisi, na kila tunaposogeza saa mbele kuelekea usiku wa manane tunamwongezea mwanamke huyu balaa ambalo hakutuambia.

Na ile glavu moja? Wapo wanaoiona kuwa dalili ya haraka: hajakaa kwa raha, yuko tayari kuondoka. Lakini kisahani kitupu kinapinga. Inaelekea alikuwa na kitu cha kutafuna, amekimaliza, na bado yupo. Vitu viwili juu ya meza moja vinatoa ushahidi unaogongana, na ninamheshimu Hopper kwa kuviacha vyote viwili.

Sasa turudi kwenye vile vidirisha. Viko wapi? Mgahawa ulioitwa kwa jina la mashine zake umechorwa bila mashine hata moja. Hakuna ukuta wa vioo, hakuna pomboo, hakuna kibanda cha nikeli, wala watu. Matawi ya New York yalikuwa mahali pa makelele: sarafu, vitasa, vikombe, viti vikiburutwa, mamia ya watu kwa saa moja. Hopper aliyajua hayo vizuri. Yeye na mkewe waliishi karibu, ghorofa ya juu katika jengo namba 3 Washington Square North. Mke hakupenda kupika, na walikula vyakula vya makopo na milo ya migahawa ya bei nafuu. Mtu wa namna hiyo haachi mashine nje ya picha kwa kusahau.

Kuna na la dirisha. Kioo kinachoweza kuakisi taa za darini hadi ya mwisho kingepaswa kuonyesha pia mgongo wa yule mwanamke, kofia yake, meza, labda na sisi tunaomtazama. Hakionyeshi hata kimoja. Taa peke yake ndizo zimepewa ruhusa. Mchoraji amefanya kama mpishi anayechemsha mchuzi mpaka kila kitu kisichohitajika kimekauka, akabakiwa na mwanamke, kikombe, taa na giza. Mwangaza nao ameugawa kwa hila: miguu ya mwanamke chini ya meza imeng'aa kuliko uso wake. Uso umo ndani ya kivuli cha ukingo wa kofia. Tunaonyeshwa kile ambacho mtu mwenye adabu asingekitazama, na tunafichwa kile ambacho angekitazama. Mtu wa kwanza aliyenitajia hilo alisema ni ushahidi kwamba Hopper alimheshimu mwanamke huyu. Mimi nadhani ni kinyume. Ametuweka mahali pa mwanamume wa meza ya jirani, anayejifanya anasoma gazeti.

Hapo ndipo nafika kwenye hoja yangu. Upweke wa picha hii upo, wala sikusudii kuuondoa. Ila umetengenezwa. Hopper alichukua mojawapo ya mahali penye watu wengi zaidi na salama zaidi kwa mwanamke aliye peke yake, akatoa watu, akatoa makelele, akapaka kioo weusi, kisha akatuachia kiti kitupu mbele yetu. Kinachotufikia kama habari juu ya mwanamke fulani wa 1927 ni uamuzi wa mwanamume aliyekuwa nyuma ya turubai. Watu husema Hopper alirekodi upweke wa jiji, kana kwamba alikuwa na kamera. Kamera ingetuletea nikeli na kelele.

Aliyekaa ili achorwe tunamjua. Ni Jo, yaani Josephine Nivison, aliyezaliwa 1883 na kuolewa na Hopper mwaka 1924. Naye alikuwa mchoraji. Baada ya ndoa ndiye aliyekuwa mwanamke wa karibu kila picha ya mumewe, na Hopper alimbadilisha alivyotaka. Hapa amempunguzia miaka. Kwa hiyo yule mpweke mkuu wa karne alikuwa na mumewe mbele yake, ameshika penseli, pengine akimwambia ateremshe kidevu kidogo. Jo alipofariki mwaka 1968 kazi zake na za mumewe zilikwenda Whitney Museum. Za mume zinazunguka dunia. Za Jo hazikupewa nafasi ya kulingana nazo, na nyingi hazijulikani zilipo. Kama unatafuta habari ya mwanamke aliyeachwa peke yake katika historia hii, sidhani utaipata mgahawani.

Hopper hakuwa wa kwanza kumweka mwanamke mbele ya kinywaji. Alikwenda Paris mara tatu kati ya 1906 na 1910, na alimhusudu Edgar Degas maisha yake yote. Degas alichora, mwaka 1875 na 1876, picha ambayo sasa iko Musée d'Orsay: mwanamke na mwanamume wamekaa ubavu kwa ubavu mkahawani, mbele ya mwanamke kuna glasi ya absinthe, macho yake hayako popote. Watu wawili hao hawakuwa walevi wa mtaani. Mwanamke ni Ellen Andrée, mwigizaji, na mwanamume ni Marcellin Desboutin, msanii mwenzake Degas. Picha ilipoonyeshwa London mwaka 1893 magazeti yaliwaka moto. Wahakiki walibishana juu ya maadili ya yule mwanamke kana kwamba walimkuta kwenye baa ya mtaani kwao. Andrée alikaa tu kwa ajili ya rafiki.

Ukizilinganisha utaona Hopper alichukua nini na kubadilisha nini. Amebaki na macho yaliyoshuka, amebaki na meza. Amemwondoa mwanamume. Amebadilisha absinthe kuwa kahawa, jambo ambalo marufuku ya pombe ilimlazimisha kwa sehemu, lakini ambalo linamvua mwanamke lawama. Mbele ya kikombe cha kahawa mhakiki wa London angekosa la kuhubiri. Ndiyo maana, nadhani, watazamaji wetu wameacha kuhukumu wakaanza kuhurumia. Huruma ina adabu zaidi. Hata hivyo inaanzia mahali palepale: mwanamke akikaa hadharani peke yake, lazima kuna maelezo.

Wapo watakaosema ninamtetea mno, kwamba kiti kile kitupu kinasema vya kutosha. Basi watazame picha aliyoichora miaka miwili baadaye, *Chop Suey*. Ni mgahawa wa Kichina, mchana, nje ya dirisha linaonekana bango la mgahawa. Wanawake wawili wamekaa meza moja, uso kwa uso, na buli la chai lipo. Kiti cha pili kimejaa. Nyuma yao kuna mwanamume na mwanamke kwenye meza nyingine. Kwa kipimo cha kiti kitupu hapa pangekuwa na gumzo na kicheko, lakini hakuna mdomo uliofunguka, na kofia ya yule anayetutazama ni ya mtindo uleule wa kushuka hadi nyusi. Aliyekaa kuchorwa ni Jo tena. Picha hiyo iliuzwa mnadani New York mwaka 2018 kwa karibu dola milioni 92, na waliopandisha bei hawakuwa wakinunua gumzo.

Mwaka 1942 akaja na *Nighthawks*, ile ya mgahawa wa kona unaowaka taa usiku, ambayo hata asiyejali sanaa ameiona kwenye kalenda au fulana. Watu wanne, kaunta moja, majagi mawili makubwa ya kahawa, na hakuna mlango wa kutokea barabarani unaoonekana. Wachambuzi wamepoteza wino mwingi wakibishana kama yule mwanamume na yule mwanamke wa gauni jekundu wanajuana, maana mikono yao inakaribiana bila kugusana. Mwanamke alichorwa kutokana na Jo. Kwa ajili ya wanaume Hopper alisimama mbele ya kioo akajitazama mwenyewe. Walikuwa wameoana miaka 17.